Kaunti 39 na 34 zilivyotoshea ndani ya 47: Hesabu ya seti zinazoingiliana

MATOKEO ya uchaguzi wa urais yaliyotangazwa Agosti 15, 2022 yalikuwa na hesabu moja ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, haikubaliki. Dkt William Ruto alipata angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti 39. Mpinzani wake mkuu, Bw Raila Odinga, alifikisha kiwango hicho katika kaunti 34. Ukijumlisha 39 na 34 unapata 73, ilhali Kenya ina kaunti 47 pekee.

Hakuna kaunti zilizozaliwa usiku huo. Ziada iliyopo yatokana na kaunti ambako wagombeaji wote wawili walifikisha asilimia 25, kwani kila moja ya kaunti hizo imehesabiwa mara mbili: mara ya kwanza katika orodha ya Dkt Ruto, na mara ya pili katika orodha ya Bw Odinga. Toa 47 kutoka 73, nawe utabaki na 26. Hizo ndizo kaunti zilizomo katika orodha zote mbili.

Huo ndio moyo wa maswali ambayo yamewatoa jasho wanafunzi wengi katika somo la Hisabati, yaani maswali ya maelezo kuhusu makundi yanayoingiliana. Swali husimulia habari za wanafunzi wanaosoma masomo fulani, wakulima wanaopanda mimea fulani au mashabiki wa michezo fulani, kisha huuliza ni wangapi wanafanya yote mawili, ni wangapi wanafanya moja tu, na ni wangapi hawamo kabisa. Hesabu yenyewe huwa ni kujumlisha na kutoa tu. Kinachowashinda watu ni kujua nani amehesabiwa wapi, na mara ngapi.

Wanahisabati huliita kundi lolote lililobainishwa wazi seti, na kila kilichomo ndani yake huitwa memba. Memba wanaopatikana katika seti mbili kwa pamoja huunda makutano ya seti hizo. Neno lenyewe si geni. Katika pembe nyingi za Kenya kuna vituo vinavyoitwa Makutano, jina linaloashiria mahali barabara zinapokutana. Anayesimama hapo yuko kwenye barabara zote mbili kwa wakati mmoja.

Muungano nao ni mpana zaidi. Humkusanya kila memba aliye katika seti ya kwanza, au katika seti ya pili, au katika zote mbili, na kila mmoja huhesabiwa mara moja tu hata kama jina lake limeandikwa kwenye orodha zote. Alama ya muungano ni ∪, mfano wa bakuli lililo wazi linalopokea kila kitu. Ya makutano ni ∩, bakuli lile lile likiwa limefunikwa.

Kwa alama hizo, kanuni huandikwa hivi:

n(A ∪ B) = n(A) + n(B) − n(A ∩ B)

Maana yake ni kwamba idadi ya memba wa muungano hupatikana kwa kujumlisha idadi ya seti zote mbili, kisha kutoa idadi ya makutano. Vitabu vingi huanza na kanuni hii na kumwachia mwanafunzi kazi ya kuikariri. Huo ni mwanzo mbaya. Aliyeikariri bila kujua kwa nini kuna alama ya kutoa huisahau siku ya mtihani, au huitumia mahali pasipostahili. Aliyeelewa kwamba waliomo katika makutano wamehesabiwa mara mbili, na kwamba ni lazima hesabu moja iondolewe, ataiunda upya kanuni hiyo wakati wowote anapoihitaji.

Chukulia darasa la wanafunzi 45. Wanafunzi 28 wanasoma Historia, 24 wanasoma Jiografia, na 5 hawasomi Historia wala Jiografia. Ni wangapi wanaosoma masomo yote mawili?

Mwenye pupa atajumlisha 28, 24 na 5, apate 57, kisha ashangae kwamba darasa limefura. Mwenye subira ataanza na wale walio nje. Wanafunzi 5 hawamo katika seti yoyote, kwa hivyo waliosalia, 40, ndio muungano. Hata hivyo, orodha za masomo hayo mawili zina majina 52. Majina 12 ya ziada ni ya wanafunzi walioandikwa mara mbili, na kwa hivyo wanaosoma yote mawili ni 12.

Kutoka hapo mengine hujitokeza yenyewe. Kati ya 28 wanaosoma Historia, 12 wanasoma Jiografia pia, hivyo wanaosoma Historia bila Jiografia ni 16. Vivyo hivyo, wanaosoma Jiografia bila Historia ni 12. Kisha ni vyema kuhakikisha: 16 na 12 na 12 na 5 ni 45. Darasa limetimia, na hakuna mwanafunzi aliyepotea wala kuzidi.

Njia nyepesi ya kuyaona haya yote ni kuchora mstatili unaowakilisha darasa zima, na ndani yake miduara miwili inayopandana. Sehemu inayopandana ndiyo makutano, nayo hujazwa kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea: huiandika 28 katika sehemu ya mduara wa Historia iliyo nje ya makutano, kisha huiweka 12 katikati. Bila kujua, wameipa Historia wanafunzi 40. Nambari 28 ni ya mduara wote, ikiwemo sehemu ya katikati, na kwa hivyo huwa haina mahali pake pa pekee katika mchoro. Hugawanywa.

Mchoro huo unaitwa mchoro wa Venn, kutokana na John Venn, Mwingereza aliyezaliwa 1834 katika mji wa Hull na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliueleza katika makala aliyochapisha mwaka wa 1880. Matumizi ya miduara hayakuanza naye. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi aliyefariki 1783, alikuwa ameitumia kueleza hoja za mantiki zaidi ya karne moja awali. Tofauti ni kwamba Euler alichora tu uhusiano uliokuwapo, ilhali Venn alichora kila sehemu inayowezekana, kisha akaonyesha zilizo tupu. Kwa mwanafunzi, tofauti hiyo ina uzito. Mchoro wa Venn humlazimisha kuuliza kuhusu kila sehemu, hata ile ambayo swali halikuitaja.

Afrika Mashariki ilizijua seti kwa kishindo katika miaka ya 1960, wakati warsha zilizofanyika Entebbe, Uganda zilipotayarisha vitabu vya kile kilichoitwa hisabati ya kisasa. Wazazi wengi walioona watoto wao wakichora miduara badala ya kukariri majedwali ya kuzidisha waliduwaa. Mtindo huo ulikuja kupingwa na kuachwa, lakini hesabu ya kutenganisha makundi yanayoingiliana haikuacha kuhitajika.

Mtego wa lugha

Mara nyingi anayeshindwa na swali la aina hii hajashindwa na hesabu. Ameshindwa na sentensi. Kiswahili kina maneno mafupi ambayo, yakihamishwa kidogo tu, hubadilisha nambari zote.

Tazama neno "tu". Sentensi "wanafunzi 28 tu wanasoma Historia" inasema kwamba wanaosoma Historia hawazidi 28. Haisemi lolote kuhusu Jiografia. Lakini "wanafunzi 28 wanasoma Historia tu" inasema kwamba hao 28 hawasomi Jiografia kamwe. Katika sentensi ya kwanza, 28 ni mduara mzima. Katika ya pili, 28 ni kipande cha mduara. Tukilitia "tu" hilo la pili katika swali la darasa la wanafunzi 45, mambo yataharibika papo hapo: 28 wasiosoma Jiografia, pamoja na 24 wanaoisoma, ni wanafunzi 52. Swali halitakuwa na jibu.

"Na" ni mjanja zaidi. Mwalimu mkuu akitangaza kwamba "wanafunzi wanaosoma Kifaransa na Kijerumani ni 40", je, kila mmoja wa hao 40 anasoma lugha zote mbili, au ni jumla ya wa Kifaransa pamoja na wa Kijerumani? Maneno yenyewe yanakubali maana zote mbili. Ya kwanza ni makutano, ya pili ni muungano. Mtungaji makini wa mitihani hulikwepa tatizo hilo kwa kuandika "wanaosoma lugha zote mbili" au "wanaosoma angalau lugha moja kati ya hizo". Neno "angalau moja" daima huashiria muungano.

"Au" nalo hutumika kwa namna mbili. Mwenyeji anayemuuliza mgeni iwapo atakunywa chai au kahawa hatarajii mgeni aagize vikombe viwili. Katika hisabati, hata hivyo, "au" humkubali mwenye vyote viwili. Tangazo la kazi linalomtaka mwombaji awe na cheti cha uhasibu au uzoefu wa miaka mitatu hufuata maana hii. Mwenye cheti na uzoefu pia hafukuziwi mlangoni.

Pengine mtego mkubwa kuliko yote ni ukanushaji. "Wanafunzi ambao hawasomi masomo yote mawili" ni wangapi katika darasa letu? Anayeielewa sentensi hiyo kumaanisha wasiosoma hata somo moja atajibu 5. Anayeielewa kumaanisha wasiounganisha mawili atatoa 12 kutoka 45 na kujibu 33. Wote wawili wana hoja, na kosa ni la aliyetunga swali. Palipo na "wala", kama vile "hawasomi Historia wala Jiografia", utata huo hutoweka. Waliotajwa ni wale walio nje ya miduara yote miwili.

Makundi matatu

Makundi yakiwa matatu, mchoro hupata sehemu nane, ukihesabu ile iliyo nje ya miduara yote. Tuseme kijiji kina familia 90. Familia 50 hupanda mahindi, 40 hupanda maharagwe na 35 hupanda viazi. Zinazopanda mahindi pamoja na maharagwe ni 20, maharagwe pamoja na viazi ni 15, mahindi pamoja na viazi ni 18. Familia 8 hupanda mimea yote mitatu.

Kazi huanzia katikati kabisa, kwenye zile 8. Familia 20 za mahindi na maharagwe tayari zinazijumuisha hizo 8, kwa hivyo zinazopanda hiyo miwili bila viazi ni 12. Vivyo hivyo, za maharagwe na viazi bila mahindi ni 7, na za mahindi na viazi bila maharagwe ni 10. Sasa rudi kwenye mduara wa mahindi wenye familia 50: toa 8, 12 na 10, na zinazopanda mahindi peke yake zitakuwa 20. Za maharagwe peke yake ni 13, na za viazi peke yake ni 10. Jumla ya sehemu hizo saba ni 80. Familia 10 hazipandi chochote kati ya mimea hiyo.

Anayetumia kanuni atajumlisha 50, 40 na 35 apate 125, atoe 20, 15 na 18 abaki na 72, kisha aongeze 8 afike 80. Kwa nini aongeze tena baada ya kutoa? Familia inayopanda mimea yote mitatu ilihesabiwa mara tatu mwanzoni, kisha ikatolewa mara tatu, kwa kuwa imo katika kila jozi. Imefutika kabisa, na ni lazima irudishwe mara moja. Wengi hukomea 72, na familia 8 zenye bidii kuliko zote hupotea kwenye hesabu.

Sasa chukulia kwamba karani anatakiwa kutayarisha usambazaji wa mbegu katika kijiji hicho. Je, nambari sahihi ni 80 au 125? Jibu hutegemea kinachogawanywa. Ikiwa kila familia itapata pakiti moja ya mbegu kwa kila mmea inaopanda, pakiti zinazohitajika ni 125 kamili, na kutoa makutano kutazinyima familia haki yao. Ikiwa kila familia itapewa nauli ya kufika sokoni kuchukua mbegu hizo, nauli ni 80. Akitumia 125, kuna nauli 45 zisizo na wenyewe, na pesa zisizo na mwenyewe hazikosi wa kuzichukua. Ndiyo sababu orodha za misaada, basari na wafanyakazi huhitaji kulinganishwa majina kwa majina, wala si kujumlishwa tu.

Pale makutano hayakutajwa

Kuna maswali yasiyotoa habari za kutosha kupata jibu moja, lakini yanayotosha kuweka mipaka. Kaunti za 2022 ni mfano mzuri. Anayejua tu kwamba seti moja ina 39, nyingine ina 34, na kwamba kaunti zote ni 47, hawezi kusema kwa uhakika kwamba makutano ni 26. Anaweza kusema kwamba hayapungui 26, kwa kuwa 39 na 34 haziwezi kuenea ndani ya 47 bila kupandana kiasi hicho. Anaweza pia kusema kwamba hayazidi 34, kwa maana makutano hayawezi kuishinda seti iliyo ndogo.

Kinachofanya jibu liwe 26 hasa ni habari nyingine. Wagombeaji wengine wawili, George Wajackoyah na David Mwaure, kwa pamoja hawakufikisha hata asilimia moja ya kura nchini. Ili kaunti ikose kuwamo katika orodha zote mbili, ingebidi Dkt Ruto na Bw Odinga wote wapate chini ya robo, na zaidi ya nusu ya kura ziende kwa hao wengine. Hakuna kaunti ambako jambo hilo lilitokea. Muungano basi ni kaunti zote 47, na mgawanyo ni huu: kaunti 26 walikofikisha wote wawili, 13 alikofikisha Dkt Ruto peke yake, na 8 alikofikisha Bw Odinga peke yake.

Mwandishi Mwingereza Lewis Carroll, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kufundisha hisabati Oxford, aliweka fumbo la aina hii katika kitabu chake A Tangled Tale cha 1885. Katika kundi la wanajeshi wazee, asilimia 70 wamepoteza jicho, 75 sikio, 80 mkono na 85 mguu. Ni asilimia ngapi, kwa uchache, waliopoteza vyote vinne? Fumbo hilo la kutisha hulegea ukiligeuza. Waliobaki na macho yote ni 30, masikio 25, mikono 20, miguu 15. Hata kama hakuna mtu aliye katika makundi mawili kati ya hayo, jumla yao ni 90. Waliosalia, angalau 10 katika kila 100, hawakusazwa na lolote.

Mbinu hiyo inafichua jambo lililomo ndani ya Katiba ya 2010. Ibara ya 138 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Zaidi ya nusu ya 47 ni 24. Wagombeaji wawili wakifikisha kaunti 24 kila mmoja, jumla ni 48, moja zaidi ya zilizopo. Kwa hivyo hakuna wawili wanaoweza kutimiza sharti hilo bila kukutana katika angalau kaunti moja. Chini ya sheria ya awali, iliyodai asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane, wawili wa namna hiyo wangekutana katika mikoa isiyopungua miwili.

"Na" inayounganisha masharti hayo mawili haina utata: ni ya makutano. Mnamo 2022, seti ya waliotimiza sharti la kaunti ilikuwa na memba wawili. Seti ya waliopata zaidi ya nusu ya kura, ambayo kamwe haiwezi kuwa na zaidi ya memba mmoja, ilikuwa na Dkt Ruto pekee, kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Bw Odinga. Makutano yakawa na jina moja, na Mahakama ya Juu ikaudumisha ushindi huo Septemba 5. Iwapo makutano hayo yangekuwa matupu, Katiba ingetaka duru nyingine ifanywe katika muda wa siku 30 baada ya uchaguzi wa kwanza. Katika chaguzi za 2013, 2017 na 2022, hilo halikutokea hata mara moja; marudio ya Oktoba 2017 yalitokana na mahakama kubatilisha matokeo, wala si seti tupu.